Maumivu ya Jumatatu

Tsss. Sauti ilitangulia, harufu ya nyama ikafuata. Mama Kola, aliyeitwa hivyo kwa sababu kazi yake kiwandani ilikuwa kupiga pasi kola za mashati, alitazama chini akaona pasi imelalia vidole vyake viwili. Akaiinua, akavifuta vidole kwa aproni, akavuta kola nyingine.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Maumivu yalifika Alhamisi, akiwa anakunywa chai.

"Ya lini hayo?" jirani yake wa meza aliuliza huku akitafuna.

"Ya Jumatatu."

"Wewe una bahati. Yangu ya wiki iliyopita bado yako njiani. Nadhani yamepotea."

"Basi nyamaza, yasije yakakusikia."

Chumba kizima cha pasi kilikuwa hivyo tangu kantini ilipoacha kutoa mayai na maziwa. Msimamizi alibandika tangazo ukutani: ni marufuku kupiga kelele saa za kazi kwa maumivu ya siku nyingine. Watu walilisoma, wakaliona la haki. Walioungua Alhamisi walionewa wivu, maana yao yaliwakuta Jumapili, wakiwa nyumbani, ambako mtu analia atakavyo.

Nesi wa kiwanda alimdunga Mama Kola unyayo kwa pini, akangoja, akachoka kungoja. Akamulika tochi kwenye kifundo cha mkono. Chini ya ngozi mishipa ya fahamu ilionekana wazi, imechunika kama waya wa pasi kuukuu. Habari zilitambaa ndani yake mojamoja, zikikaa kupumzika kila palipochunika.

"Mshipa wa fahamu una ganda, dada, kama waya ulivyo na plastiki," Nesi alisema. "Ganda hilo linatunzwa na vitamini ya kwenye mayai, maini, samaki, maziwa. Likichakaa, habari inachelewa. Likiisha, haifiki kabisa. Unakula nini?"

"Chai ya rangi na mkate."

"Na mchana?"

"Mchana naanza na mkate."

Nesi alicheka kidogo, akazima tochi. "Sindano zake zipo. Ila ni za watu wa ofisini."

Mama Kola akapanda ofisini kuomba mayai yarudi. Msimamizi alimsikiliza vizuri, akimenya yai.

"Niwarudishie, halafu muanze kulia Jumatatu kwa Jumatatu? Mama Kola, mkono usiosikia moto ni baraka. Wenzako viwanda vingine wanaomba glavu." Akachovya yai kwenye chumvi.

Jumapili binti wa Mama Kola alikuwa anahamia mji wa mbali, kwa shangazi, akasome. Kituoni alimkumbatia mama yake kwa nguvu, uso shingoni, hadi kondakta akaanza kufunga milango. Mama Kola alimshika kama anavyoshika furushi la mashati. Hakusikia joto wala uzito.

"Mama, mbona umekauka hivyo? Hunisikii?"

"Bado hujafika."

Binti alifikiri kidogo, akahesabu kwa vidole. "Jumatano."

"Jumatano, nikiwa kazini."

"Na nikipotea njiani?"

Mama Kola alimtengenezea kola ya shati, akaikunjua vizuri kwa vidole vyenye malengelenge.

"Nakuahidi, mwanangu. Jumatano nitaizima pasi, nikungoje. Usipofika, nitaizima na Alhamisi."