Meli ya Afande

Jumatatu asubuhi Hudson Wesonga alikuwa akipiga msasa ubavu wa meli ya kivita, juu ya meza ileile ambapo nusu ya mji mdogo wa Lumino ilitengenezewa majeneza yake. Meli ilikuwa na urefu wa jeneza la mtoto, kwa hiyo mikono yake haikuhitaji kujifunza upya. Picha aliletewa kwenye simu: meli ya matanga ya wafalme wa kale wa Uingereza, milingoti mitatu, safu mbili za mizinga, na upande wa nyuma madirisha mengi kama ya bweni la wasichana. Aliyeiagiza ni Afande, mkubwa wa boti za kijivu zinazolilinda ziwa lisivuliwe na wavuvi. Aliitaka ikae kabatini, sebuleni kwake Tororo, kabla ya Pasaka. Watu waliowahi kumkatalia Afande jambo walikuwa wachache, na hakuna aliyekuwa karibu wa kuulizwa.

Isaac, kifungua mimba wa Hudson, alikuwa mmoja wa wachache hao. Msimu wa mvua boti ya kijivu iliwakuta yeye na wenzake, Ecodu na Sam wakiwemo, ziwani, ikasema nyavu zao zina macho madogo. Nyavu zikachomwa ufukweni, vijana wakapakiwa. Tangu hapo kila aliyekwenda kuuliza aliambiwa kwa upole kwamba siku hiyo hapakuwa na boti yoyote ziwani.

Kwa Wasamia, mtu aliyepotea haachwi hivihivi. Hukatwa shina la mgomba, likavishwa shuka, likalazwa jenezani, likaliliwa na kuzikwa, ili mwenye jina apumzike na nyumba isiandamwe. Ukoo ulikata shina ukamletea Hudson. Jeneza alilitengeneza, la mvule safi. Shina akawapa mbuzi.

"Mtoto wangu si ndizi," alisema, na ukoo ukaondoka umenuna.

Kisha Afande akataka mvule mkavu, na Lumino nzima haikuwa na mvule mkavu isipokuwa jeneza lile. Hudson akalibomoa. Hapo ndipo alipokosea, maana hata mwanafunzi wa fundi majeneza anajua kwamba ubao uliokwisha kutajiwa jina la mtu haubadilishwi kazi. Kifuniko kikawa mataruma, zile mbavu za meli. Kamba za milingoti alizisokota kwa nyuzi za wavu wa Isaac, kipande kilichosazwa na moto. Mizinga ilikuwa vijiti vya mwavuli, na matanga yalikuwa shati la Isaac la kanisani.

Jioni hiyo ya Jumatatu, alipopandisha tanga la mwisho, mkewe Aidah alileta chai, akakuta sitaha ina watu. Walikuwa wadogo kama punje za maharagwe, pekupeku, wakivuta kamba. Aidah akaweka kikombe mezani, akainama.

"Isaac, umekonda."

"Ni kazi, mama."

"Umekula?"

"Bado."

Akaenda jikoni, akarudi na tonge la ugali na mukene mmoja, dagaa mdogo wa ziwani. Mukene yule akawatosha wote, kichwa kikabaki.

Jirani yao Akongo naye akaja, akamwona mwanawe kwenye ncha ya mlingoti.

"Ecodu! Shuka huko! Wewe si ulikuwa unaogopa hata ngazi ya kanisa?"

"Mama, huku hakuna kushuka mpaka filimbi."

"Nani napiga hiyo filimbi?"

Filimbi ikalia kutoka ndani ya tumbo la meli, chini kabisa, mahali ambapo Hudson hakuwa amechonga chumba chochote. Vijana wakavuta kamba. Meli za aina hiyo, kama aliyesoma historia atakavyokumbuka, hazikuwa na desturi ya kuomba mabaharia. Ziliwakamata bandarini.

Hudson hakushangaa. Aliegemeza kiganja ubavuni mwa meli.

"Panda hapa, mwanangu. Twende nyumbani."

Isaac akanyoosha mguu. Ulipovuka tu ukingo ukalegea, ukachuruzika utomvu mweupe, kama shina la mgomba lililopigwa panga. Akaurudisha haraka, nao ukawa mguu.

"Acha, baba," alisema. "Inauma."

Tangu siku hiyo Hudson alipiga msasa. Alilainisha palipokuwa laini, akapiga msasa hata palipokwisha kupigwa vanishi. Afande alipopiga simu, alisema gundi haijakauka. Alipopiga tena, alisema gundi ya siku hizi, Afande, haina adabu. Alhamisi Kuu gari likasimama mlangoni, Afande akashuka na askari wawili na blanketi.

"Mzee Hudson, wewe nachelewesha kazi ya serikali."

Akavaa miwani, akaikagua meli kutoka mbele hadi nyuma. Akafika kwa Isaac, akatabasamu kama mwalimu aliyekutana na mwanafunzi wake wa zamani.

"Huyu namjua. Alikuwa mkaidi sana."

"Afande," Hudson alisema, "huyo ni mtoto wangu."

"Sasa shida iko wapi? Si unaona yuko kazini?"

Hudson akashika mkuku wa meli, ule uti wake wa chini, kwa mikono miwili. Askari mmoja akashusha bunduki begani, taratibu, bila chuki yoyote.

"Baba, usibishane naye," Isaac akasema kutoka kwenye kamba. "Sam alibishana."

Hudson akatazama sitaha kutoka mwanzo hadi mwisho. Sam hakuwemo. Akaachia.

Aidah aliwahi kutupia mukene sitahani kabla blanketi halijafunika.

Baada ya Pasaka Afande alipiga simu. Wageni waliipenda sana meli, alisema, ila ilikuwa imeshajaa. Alitaka nyingine, ndefu zaidi, ya safu tatu za mizinga.

Habari zilienea kabla Hudson hajamaliza chai. Akina mama walianza kufika kutoka Lumino na Lunyo, majeneza matupu yakiwa vichwani, yale yaliyokuwa yakingojea mashina. Mmoja aliomba meli mpya iwe na jiko. Mwingine aliomba milingoti mifupi. Akongo aliomba ngazi. Aidah, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakuomba kitu. Alisogeza tu meza kwenye mwanga.

Wa mwisho alikuwa Harriet wa Lunyo, na mbao zake zilikuwa mpya, hazijawahi kuwa jeneza. Hudson akazigonga kwa kidole.

"Mama Harriet, si kijana wako yupo? Jana nimemwona anapaka boti rangi."

"Yupo," Harriet akasema, akitua mbao chini. "Ameingia ziwani asubuhi hii. Mimi naogopa nafasi zitajaa."

Hudson akatoa penseli sikioni, akaanza kupima.