Taa ya Uani kwa Orlin

Tangu Jumapili Lavonne alikuwa hakaliki. Akikaa anainuka, anafuta meza iliyokwisha kufutwa, anasogeza pazia la jikoni na kutazama ng'ambo ya mashamba yaliyofunikwa theluji, ilipo nyumba ya kaka yake Orlin. Bodi ya ushirika wa umeme ingekutana Alhamisi, naye Lavonne ndiye mjumbe wa upande ule wa wilaya. Kwenye ajenda kulikuwa na jambo moja tu: kupandisha ada ya mwezi, ile unayolipa hata kama hukuwasha taa hata moja.

"Utatoboa sakafu," alisema mumewe, Duane, macho yakiwa kwenye kahawa. "Nenda, piga kura, rudi tule."

"Wewe hukumsikia Orlin kanisani."

"Nilimsikia. Kanisa zima lilimsikia."

Baada ya ibada, kwenye ukumbi wa chini ya kanisa wanakonywea kahawa, Orlin alikuwa amemfuata dada yake na kipande cha keki mkononi. Ni mzee ambaye hakuwahi kuoa, anapasha nyumba kwa kuni, na umeme wake wa mwezi hautoshi kugandisha nyama ya Lavonne.

"Mheshimiwa mjumbe," alimwambia, "nasikia mnataka kunitoza kwa kutotumia."

"Si hivyo, kaka. Utumie usitumie, nguzo imesimama pale. Ikianguka lazima watu waende kuisimamisha."

"Haya, isimamisheni. Ila mkipandisha, mimi nang'oa mita. Usije ukanililia."

Watu walicheka. Lavonne hakucheka, maana alimjua. Simu ya nyumbani aliikatisha hivyo hivyo, eti inamletea wauza bima tu, na hakuirudisha tena.

Kilichomnyima raha si ada. Ni ile taa ya uani kwa Orlin, juu ya nguzo, kati ya nyumba na ghala. Kila jioni akiosha vyombo aliiona kule mbali, akasema moyoni, haya, Orlin yupo, kisha akafunga pazia. Mita ikiondoka, taa nayo ingezimika; angejuaje kama yupo?

Alhamisi wajumbe walikula kwanza, kama kawaida yao. Lavonne alizungusha uma kwenye sahani mpaka mchuzi ukaganda. Kisha meneja, Bwana Hauge, akaeleza hesabu zake. Waya wa upande wa kina Lavonne ulikwenda maili nyingi kwa nyumba chache, na dhoruba ya barafu ya mwaka uliopita iliangusha nguzo kama njiti.

"Tukiyaweka yote haya kwenye bei ya uniti," alisema, "tunambebesha mwenye watoto sita na nyumba inayovuja joto. Tukiyaweka kwenye ada, tunamuumiza anayejibana. Sina njia ya tatu, jamani. Ningekuwa nayo ningewapa."

Kura zikafungana, ikabaki ya Lavonne. Aliwaza kumpendelea ndugu yake, akajionea haya hata kabla ya kumaliza kuwaza. Akanyoosha mkono kukubali.

Orlin alitimiza neno lake. Jumatatu gari la ushirika lilipita barabarani mbele ya dirisha la Lavonne, likaenda, likarudi. Jioni giza liliingia mapema kama kawaida ya Januari, na ng'ambo ya mashamba hapakuwa na kitu. Lavonne aliosha sufuria moja mara mbili. Akazunguka meza. Mwishowe akafunika bakuli la viazi na nyama kwa taulo na kuchukua funguo za gari.

"Msalimie," alisema Duane.

"Nitamsalimia nikimkuta hai."

Alimkuta hai. Orlin alikuwa mezani, karibu na jiko la kuni, akicheza karata peke yake kwa mwanga wa kandili. Vikombe viwili vilikuwa vimewekwa tayari.

"Umechelewa," alisema. "Nilikutarajia giza lilipoingia tu."

"Kwa nini umefanya hivi, kaka? Kama ni hela, si ungeniambia?"

"Hela ninazo. Ningekuwa kwenye bodi yenu, ningepiga kura kama yako. Mashimo ya nguzo hizi baba aliyachimba kwa mkono, nami nilikuwepo."

"Sasa?"

Orlin aliweka karata chini. "Oktoba nilianguka ghalani. Ngazi ikanibana mguu. Nikalala pale mpaka kesho yake mchana, nilipojinasua mwenyewe."

"Uliniambia unachechemea kwa uzee."

"Nilisema hivyo. Nimelala pale, taa ya uani inawaka, naiona kwenye ufa wa mlango. Nikasema, Lavonne anaiona pia, roho yake imetulia, hawezi kuja. Ile taa inajiwasha, dada. Jua likizama inawaka, niwe hai, niwe maiti."

Lavonne aliweka bakuli mezani. Alikuwa ameiona. Usiku ule wa Oktoba, kama usiku mwingine wowote, alikuwa ameiona, akakausha mikono na kufunga pazia. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akaangalia jikoni mle, viti vya mama vikiwa vimebadilishwa mahali, rangi mpya ukutani, na akashindwa kukumbuka mara ya mwisho alipoingia.

Alivua koti, akaketi. Orlin akammiminia kahawa.

"Kesho utakuja?"

"Nitakuja."

"Basi njoo na maziwa," alisema Orlin. "Friji si ndiyo hivyo tena."