Jibu la Swali la Tisa

Felisian alikuwa tarishi katika ofisi ya wilaya pale Sumbawanga kwa miaka saba, na minne kati ya hiyo alihudhuria masomo ya jioni pamoja na vijana waliomwita babu. Alipofaulu kidato cha nne, nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwonyesha matokeo. Mkewe Coleta alikwisha kurudi kwao Matai, mwaka ule Felisian alipofungwa. Basi aliiweka karatasi chini ya msalaba, akasali, akasonga ugali wa ulezi, akala peke yake.

Mwaka 1995 ikapatikana nafasi ya karani katika masjala ya siri, yanakotunzwa majalada yasiyoguswa na kila mtu. Mkuu wake alimpendekeza. Kilichobaki ni upekuzi: ajaze fomu, kisha serikali ichunguze kama ni mtu wa kuaminika.

Swali la tisa liliuliza kama amewahi kupatikana na hatia mahakamani. Felisian alilitazama kwa muda mrefu. Zamani, akiwa mtunza ghala la kijiji huko Mpui, aliiba mifuko minne ya mbolea akawauzia watu wa ng'ambo ya mpaka. Akafungwa mwaka mmoja. Siku hizi mbolea kama ile imepangwa nje ya maduka ya Kizwite, anayetaka ananunua. Lakini wizi ni wizi, naye aliuungama huku analia. Padre Urbano alimpa kitubio, akamwambia Mungu amekwisha kulifuta kosa hilo, asilichokonoe tena. Felisian alilishika neno hilo kama amri. Aliona kuandika "Ndiyo" ni kumwambia Mungu kwamba hakusamehe sawasawa. Akaandika "Hapana."

Baada ya wiki tano aliitwa na afisa wa upekuzi, kijana aitwaye Yonas. Kijana alimwamkia shikamoo, akafunga mlango. Alikuwa ametoka Mpui kuulizia habari zake.

"Mzee Felisian, ile mbolea ningeipitisha," alisema. "Ni miaka kumi sasa. Padre amekusifu, hata mwenyekiti wa kijiji amekusifu. Hii 'Hapana' ndiyo siwezi kuipitisha."

"Padre aliniambia limefutwa."

"Kwa Mungu limefutwa, mzee wangu. Mimi niliuliza kama lilitokea."

Felisian aliinamisha kichwa. Kisha akaomba karatasi, akaandika yote: mifuko, mwaka, gereza, na jina lake kamili. Yonas aliyaambatanisha maelezo hayo na fomu, ila hakumficha kwamba kwa nafasi ile yamechelewa.

Kesho yake bahasha yenye fomu hiyo ilikuwa tayari kupelekwa mkoani, imefungwa kwa lakiri na kugongwa muhuri wa SIRI. Tarishi alikuwa yeye. Alijua kilichomo. Aliitia ndani ya koti, upande wa kifuani, akatembea katika upepo baridi wa Juni, na njia nzima hakuna aliyemwita kwa jina.

Mkoani karani aliikagua lakiri, akaikuta nzima, akasaini daftari bila kuinua macho. Felisian alishukuru. Nje alivua kofia, akasali kidogo kando ya ukuta, kisha akarudi wilayani kuchukua barua nyingine.