Jogoo Aliyenunuliwa kwa Godoro

Jumapili ile nilipeleka kanisani jogoo wangu, mzee kiasi kwamba alikuwa ameshasahau saa ya kuwika. Kwetu Kinyala asiye na fedha hutoa sadaka ya mkungu wa ndizi, mayai au kuku, na ibada ikiisha vitu hivyo hunadiwa nje. Anayenunua akipenda anakirudisha, kinanadiwa tena.

Lusungu, yatima wa jirani yangu, alikuwa amechaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni huko Iringa. Basi lake lilikuwa Jumatatu alfajiri. Fomu ilitaka sanduku, ndoo, mashuka, jembe na godoro, naye alikuwa na fomu tu.

Mzee Jairo, mnadi wetu, akamwinua jogoo. "Nani anaanza?"

"Huyu hauzwi kwa fedha," nikasema. "Anauzwa kwa vitu vya kwenye fomu. Soma, mjukuu wangu."

Lusungu akasoma, macho chini. Watu wakacheka, lakini Joyce fundi cherehani akatoa mashuka, akamrudisha jogoo. Andrea akatoa jembe, akamrudisha. Ndoo zikapatikana. Sanduku nalo, lina kutu ila linafungika. Likabaki godoro.

Tukamtazama Ezron, mwenye duka la magodoro Tukuyu mjini. Yeye akatazama Mlima Rungwe, ambao kwa mawingu ya siku ile haukuonekana hata kidogo.

"Bibi Anyosisye, biashara ngumu," akasema. "Mtoto tumwombee."

"Vizuri. Naomba mimi."

Kwetu haondoki mtu kabla ya sala ya kufunga, na manyunyu yalikuwa yameanza. Nikafumba jicho moja. Nikaombea migomba ya majirani zetu wa Lupepo, chai ya kila mtu, wagonjwa kwa majina yao, na ng'ombe wa Mzee Jairo mwenye kwato mbovu. Suti ya Ezron ikaanza kuchuruzika. Nikaingia kwa manabii, nikianza na wale wadogo.

"Bibi," Ezron akanong'ona, "hao wako wangapi?"

"Kumi na wawili. Halafu wanakuja wakubwa."

"Amina," akasema. "Nimemnunua. Kwa godoro."

"Ndaga, mwanangu, asante. Tunalifuata sasa hivi."

"Leo duka limefungwa. Aje kesho."

"Kesho saa kumi na mbili yuko kwenye basi. Funguo si ziko mfukoni?"

Tukashuka kwenda mjini kwa miguu, kwaya nzima ya akina mama, Ezron mbele na jogoo kwapani. Dukani akavuta godoro la chini kabisa, jembamba kama chapati. Nikajilaza juu yake palepale. Mgongo wangu una miaka sabini na sita, haudanganyiki.

"Naisikia sakafu," nikasema. "Lete la inchi sita."

"Bibi, inuka, wateja wanachungulia."

"Duka si limefungwa?"

Akalishusha la inchi sita. Ndipo nikainuka. Tukalifunika nailoni, Lusungu akajitwisha, nasi tukamfuata mvuani.