Milango Miwili Isiyo na Komeo

Jeneza lililetwa asubuhi kwa lori la jeshi, likawekwa sebuleni, pale pale cherehani ilipokuwa imekaa miaka ishirini na miwili. Mama, fundi wa nguo za watu, aliisukuma cherehani ukutani mwenyewe. Hakutaka kusaidiwa.

Kapteni akatoa karatasi yake.

"Pole sana, mama. Saa nane tunaondoka. Makaburini kutakuwa na wimbo, hotuba mbili, kisha bunduki saba zitapiga hewani mara tatu. Ndiyo heshima ya shujaa."

"Bunduki hapana."

"Unasemaje, mama?"

"Tarumbeta pigeni mpaka mashavu yaume. Bunduki hapana, baba. Mwanangu alikuwa muuguzi. Kishindo kilimtetemesha tangu akiwa mdogo."

"Ratiba imetoka juu, mama. Mimi sina uwezo wa kufuta hata nukta."

Mjomba wa marehemu alikuwa akipanga viti. "Dada, hawa hata chafya wanapiga kwa amri. Utawaweza?"

Watu wawili watatu wakacheka, kisha wakakumbuka walipo, wakanyamaza.

Mama akaketi kando ya jeneza. Wangejuaje hawa? Radi ikipiga, mtoto huyu alijikunyata chini ya cherehani, kwenye vipande vya vitambaa. Mama alimfuata huko huko.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nyumba yangu ina milango miwili, haina komeo wala bawabu."

"Masikio!"

"Basi komeo ni mimi." Na mama akamziba masikio kwa viganja.

"Usitoe, mama, mpaka nihesabu kumi." Akifika saba alirudi tano, mjanja yule, ili mikono ikae zaidi.

Saa sita akaingia mtu anayetembea kwa gongo. Jicho la fundi liliona kwanza suruali: mguu mmoja mtupu, umekunjwa na kubanwa kwa pini.

"Shikamoo, mama. Mimi nilikuwa kitanda cha nne, kwenye hema lake."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa."

"Mabomu yakianza, alipita kitanda hadi kitanda akituziba masikio, sisi tusioweza kuinua mikono. Wagonjwa kumi na tisa, na yeye ana mikono miwili! Anatutegea kile cha milango, tunajibu kwa mayowe kama watoto."

Mama akauliza, "Na siku ile?"

Mtu wa gongo akatazama sakafu. "Siku ile alikuwa kwangu. Chuma cha bomu kilimpata mgongoni. Mikono hakuitoa, mama."

Mama akaitazama ile pini. Kisha akasema, "Kesho niletee hiyo suruali nikushonee pindo. Pini itakuchoma."

Makaburini, hotuba zilipokwisha, mama alimwendea kapteni mara ya mwisho. Kapteni aliangalia viatu vyake.

"Nisamehe, mama."

Askari saba wakainua bunduki. Mama akapiga magoti kwenye udongo mwekundu, akaweka viganja viwili kwenye jeneza, huku na huku, upande wa kichwa.

"Mama, tafadhali, inuka..."

"Piga tu, baba. Fanya kazi yako, niache nami nifanye yangu."

Bunduki zikalia. Mtu wa gongo akaanza kutetemeka mwili mzima, gongo likamponyoka. Mjomba, yule wa mizaha, akamshika kwa nyuma asianguke, akamziba masikio kwa mikono yake minene. Zikalia tena. Zikalia tena.

Moshi ukatawanyika. Wenye kamba wakasogea kuteremsha jeneza, lakini mama hakuondoa mikono.

"Wamemaliza, dada," mjomba alisema taratibu.

"Najua. Ngojeni kidogo."

Akaanza kuhesabu kwa sauti ndogo. Moja. Mbili. Kapteni akavua kofia, akawaashiria wenye kamba wasubiri. Mama akafika sita, akafika saba.

Akarudi tano.