Rangi Isiyoonyesha Uchafu

Fundi rangi alipiga msasa kuta za sebule asubuhi, akazifuta vumbi, na kufikia adhuhuri mkono wa kwanza wa rangi ulikuwa umekwisha. Ilikuwa rangi ya mkaa, kijivu kinachokaribia weusi. Aliichagua mwenye nyumba, daktari wa meno, mtu wa sauti ya chini ambaye wagonjwa walimsifu kwa wepesi wa mkono. Alisema rangi ile haionyeshi uchafu.

Ilipokauka, alama nyeupe zilijitokeza. Karibu na swichi palikuwa na bega na upande wa kichwa. Kando ya dirisha, viganja viwili vilivyoinuliwa, kama vya mtu anayejikinga. Mke wa daktari, mshonaji wa sare za shule, alizitambua moja moja. Kila palipokuwa na alama, aliwahi kusukumizwa hapo.

Fundi alipiga mkono wa pili, kisha wa tatu. Alama zikapenya. Alisema labda ni unyevu, bila kumtazama mama wa nyumba usoni, akafunga kopo lake akaenda zake.

Mama yake daktari alikuja kuiona sebule. Alizunguka taratibu, mikono nyuma, mwishowe akakaa.

"Mwanangu," alimwambia mkwewe, "nyumba husitiriwa. Tundika picha."

Ya harusi ikakaa juu ya bega, ya mahafali ya daktari juu ya viganja. Chumba kikapendeza. Wageni walisifu jinsi taa zilivyotua juu ya ukuta mweusi, na wifi akaomba namba ya fundi ili naye apakiwe chumba cha kulala.

Halafu, chini kabisa karibu na mlango wa jikoni, ikajitokeza alama ya mtu aliyelala ubavu. Mke alipiga magoti kuichunguza. Hapo hakuwahi kuangushwa. Akajipima nayo: mabega yalilingana, ila shingo ilikuwa imekaa vibaya. Daktari alipoiona alisema ukuta nao una mambo yake, akanunua kabati la vyombo, likawekwa pale.

Kila alipofagia, mke alilisogeza kabati kidogo achungulie. Siku moja alikuta alama nyingine, fupi, imelala kando ya ile ya kwanza, ina nywele za vifundo viwili. Binti yao, waliyemwita Kibibi, alikuwa amesukwa hivyo hivyo asubuhi ile.

Hakulia. Alifunga nguo za mtoto, akampeleka kwa mama yake mzazi, akasema atasomea huko.

"Na wewe je?" mama yake aliuliza.

"Mimi nina mume, mama."

Mama yake alimshika mkono, akakawia kuuachia, kisha akasema ndoa ni kuvumiliana.

Jioni daktari aliuliza mtoto yuko wapi. Alipojibiwa, alivua saa yake polepole, akaiweka mezani.

"Tutazungumza," alisema, akaenda kulala.

Kesho yake mke alisogeza kabati. Alama fupi ilikuwa imefutika. Ukuta ulikuwa laini, mweusi, kama haujawahi kuguswa. Aliupapasa, akaushukuru kwa sauti ndogo. Ile nyingine ilikuwa pale pale, nyeupe kuliko jana.

Akarudisha kabati mahali pake. Honi ya gari la daktari ilipolia nje, alijifuta mikono, akaenda kufungua geti.