Swichi Niliyoichagua Nikiwa Eda

Nilichagua swichi, kile kisanduku kinachogawia kompyuta intaneti, nikiwa eda, nimekaa kwenye mkeka nyuma ya pazia. Watu wa Mikumi walisema sana juu ya hilo, na waseme. Maneno hayalipiwi kodi.

Mume wangu Abubakari alifungua intaneti kafe kwenye vyumba vya mbele vya nyumba yetu, kando ya barabara kuu, mwaka ule ambao kila mtu alikuwa anafungua kitu: saluni, duka la simu, kibanda cha soda. Tuliiendesha pamoja. Kisha akaugua ghafla, tukamzika, mimi nikakaa eda vyumba vya nyuma. Sikulia. Wanawake waliokuja msibani walinitazama machoni, wakaenda kunong'ona jikoni. Ningewaambia nini? Nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, ila hausikii kitu.

Shemeji yangu Kondo, kaka wa marehemu, akaja kutoka Kilosa kusimamia kafe. Ndipo laini ya intaneti ikawa nzito. Mteja anafungua barua pepe, anakwenda kunywa chai kwa mama ntilie, anarudi, ukurasa bado mweupe. Waongoza watalii wakahamia kafe ya stendi. Kondo akaja kwenye pazia.

"Shemeji, biashara hii imekufa. Arobaini ikipita tutauza kompyuta, tugawane, na eda ikiisha wewe urudi kwenu Munisagara."

"Imekufa, au inaumwa?"

"Wamasai wanaimaliza. Yule Koinet anashinda humo tangu asubuhi. Kesho namfukuza."

Tangu ng'ombe wa Wamasai walipoingia kwenye mpunga wake, kila kinachoharibika kwa Kondo kina Mmasai nyuma yake, hata jino likimuuma. Nikamwambia alete fundi kwanza. Munisagara napapenda, lakini kule kuna jembe la mama yangu tu. Hapa ndipo palipokuwa na kitu nilichokijenga kwa mikono yangu.

Fundi, Nikolaus, alitoka Morogoro. Aliliamkia pazia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani anakula laini yangu?"

"Kwa swichi uliyonayo siwezi kujua. Hii inampa kila mtu mzigo wake kimya kimya, jirani haoni. Unahitaji inayoweza kunakili kila kinachopita na kukitoa kwenye tundu moja, nichomeke kompyuta yangu hapo, nitazame."

Akazisukuma swichi tatu alizokuja nazo chini ya pazia. Ya kwanza ilikuwa mpya, ya kampuni kubwa, na kwa bei aliyotaja ningenunua ng'ombe wawili na kamba zao. Nikairudisha. Ya pili nayo mpya, rangi ya buluu, bei ya huruma.

"Hii inanakili?"

"Hapana, mama. Ni kama uliyonayo."

"Sasa umeileta ya nini?"

"Watu wanapenda rangi."

Ya tatu ilikuwa nzito, imekwaruzwa, kutoka kwenye mnada wa shirika la umma lililobinafsishwa. Matundu mawili yamekufa, na feni yake, alisema, inanguruma.

"Lakini inanakili?"

"Inanakili, mama. Na matundu yaliyobaki yanatosha."

"Mbele hapa malori yanapita usiku kucha. Feni itamsumbua nani? Funga hiyo. Ikifa mwezi huu, unairudisha."

"Nairudisha."

Ilipowashwa niliisikia hadi kwenye mkeka. Kondo akauliza kama tumefungua mashine ya kusaga.

Alasiri Nikolaus akarudi kwenye pazia. Koinet, alisema, si yeye anayekula laini. Anasoma barua zake na kujibu kwa vidole viwili. Kinachokula laini kiko kwenye waya unaopita ukutani kuja upande wangu.

"Kuna kompyuta huko ndani, mama?"

Ilikuwepo. Ya Abubakari, chumbani. Kwetu vitu vya marehemu haviguswi mpaka matanga yaishe siku ya arobaini. Siku ya msiba wanawake waliifunika kanga vile ilivyo, wakafunga mlango. Hakuna aliyeuliza kama imewaka.

"Inasikiliza redio," Nikolaus akasema.

Hapo nikaelewa. Abubakari alikuwa anafungulia taarabu kwenye intaneti, na aliipanga mashine ile ijiwashe yenyewe kila umeme unaporudi na kufungua stesheni yake, kwa sababu hakupenda asubuhi iliyo kimya; wateja wakianza kujaa, aliifunga. Nyumba ya msiba haina muziki, kwa hiyo mtu alishusha sauti hadi mwisho. Redio yenyewe hakuna aliyeifunga. Siku zote hizo ilikuwa inaimba mle ndani bila sauti.

"Naweza kuizuia huku huku kwenye swichi," Nikolaus alisema. "Hutahitaji kuigusa."

"Nitaizima mwenyewe."

Shangazi wa marehemu, aliyekuwa akikaa nami, akanyanyua kichwa. "Joha. Vitu vya marehemu."

"Tukingoja matanga yaishe, shangazi, kafe itauzwa, nami nitarudishwa Munisagara."

Nikaingia, nikafunua kanga. Kiti chake kilikuwa kimesogezwa nyuma kidogo, vile alivyoinuka. Mkono wangu ulikwenda kwenye kitufe cha sauti; nilitaka wimbo mmoja tu. Nikauondoa. Nilijua nikisikia sitaizima. Nikaizima. Chumba kikanyamaza, na ndipo nilipotambua kwamba muda wote kilikuwa na mvumo.

Upande wa pili wa ukuta wateja wakapiga kelele. "Imefunguka! Inakimbia!" Mtu akapiga makofi. Kondo akacheka, na kicheko chake ni kile kile cha mdogo wake marehemu. Niliwachukia wote. Nikakaa kwenye kile kiti, na kilio kikatoka kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Kelele za mbele zikakatika. Nikasikia hatua za Kondo zikija, halafu shangazi akimzuia mlangoni.

"Mwache," alimwambia. "Leo ndiyo amefiwa."